Gunia ni kilo ngapi? Faili dogo la maelezo laweza kuokoa mtaji

Tuseme karatasi ya bei inaonyesha kwamba mwezi uliopita gunia la mahindi liliuzwa Sh. 80,000, na mwezi huu linauzwa Sh. 91,000. Mfanyabiashara wa Kariakoo akiisoma harakaharaka atasema bei imepanda kwa asilimia 13.75. Kama ana fedha mkononi, ataagiza mzigo mapema kabla bei haijazidi kupanda. Kwa magunia 200 atatoa Sh. milioni 18.2.

Lakini tuseme pia kwamba gunia la mwezi uliopita lilikuwa la kilo 100, na la mwezi huu ni lumbesa lenye kilo 130. Kwa hesabu hiyo, kilo moja iliyouzwa Sh. 800 sasa inauzwa Sh. 700. Bei haikupanda, bali imeshuka kwa asilimia 12.5. Mfanyabiashara huyo amejaza ghala wakati soko linateremka, ingawa kila namba aliyoisoma ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni maneno mawili tu kando ya namba hizo: kilo ngapi.

Hesabu hiyo ni ya mfano, lakini lumbesa si jambo la kubuni. Kwa miaka mingi Wakala wa Vipimo umekuwa ukipiga vita ufungashaji huo, na sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Hata hivyo, karani anayeingiza bei kwenye kompyuta huingiza alichokikuta sokoni. Akikuta lumbesa, ataandika "gunia". Ndiyo maana taarifa ya bei za jumla za mazao makuu ya chakula inayotolewa na wizara inayosimamia biashara hutaja bei kwa kilo 100, na haiachi neno gunia lijieleze lenyewe.

Siku hizi maduka mengi ya jumla, madalali wa hisa na hata wawekezaji wadogo wanaofuatilia soko kwa simu wana majedwali ya namba kwenye kompyuta. Wachache wana maelezo ya namba hizo. Wataalamu wanashauri dawa moja isiyo ghali: kuandika faili dogo la maandishi, kuliweka pamoja na hifadhidata, na kueleza humo kila jedwali na kila safu ina maana gani.

Takwimu zinazoeleza takwimu

Maelezo ya namna hii huitwa metadata, yaani takwimu zinazoeleza takwimu nyingine. Neno ni geni lakini jambo lenyewe linafahamika. Mnunuzi wa mitumba hununua robota likiwa limefungwa. Hawezi kuona nguo iliyomo, kwa hiyo husoma lebo: aina ya nguo, daraja, uzito na nchi lilikotoka. Lebo ikikosekana, au ikidanganya, mnunuzi anacheza bahati nasibu. Jedwali la bei lisilo na maelezo ni robota lisilo na lebo.

Lebo nzuri ya jedwali hujibu maswali machache ambayo mfanyabiashara yeyote angeuliza kabla ya kutoa fedha. Namba hizi ni za kitu gani? Zimepimwa kwa kipimo gani na kwa sarafu gani? Zimekusanywa wapi, lini, na mara ngapi? Nani alizikusanya na kwa njia gani? Je, kuna jambo lililobadilika katikati, kiasi kwamba namba za zamani na za sasa haziwezi kulinganishwa? Na mwisho, nani anaruhusiwa kuziona na kuzitumia?

Vipimo vya mitaani

Mitaa ya Kariakoo ina vipimo vyake, na kila muuzaji hudhani mwenzake anavielewa kama yeye. Korija ni vitu 20. Lakini kwa muuzaji wa khanga, je, ni vipande 20 au doti 20? Tofauti yake ni mara mbili, kwa kuwa doti moja ina vipande viwili. Jora la kitambaa hutofautiana urefu kutoka kiwanda kimoja hadi kingine. Debe hupima ujazo, si uzito, kwa hiyo debe la mahindi na debe la mpunga hayalingani kwenye mizani. Katoni ya sabuni inaweza kuwa na miche ya idadi moja wiki hii, na idadi nyingine mzigo mpya ukiwasili.

Saa nayo ina utata wake. Karani akiandika kwamba bei ilichukuliwa "saa 4", mwenyeji ataelewa kuwa ni asubuhi, wakati soko limechangamka. Kompyuta itaelewa kuwa ni saa 10 usiku, wakati ambapo watu wengi wamelala. Tarehe ya 03/04/2024 hapa nchini ni Aprili 3. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani itaisoma kuwa Machi 4. Wataalamu hushauri kutanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na kuandika katika maelezo kwamba huo ndio utaratibu uliofuatwa.

Kodi pia ina alama yake kwenye takwimu. Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) Tanzania Bara ilipunguzwa kutoka asilimia 20 hadi 18 mwaka 2009. Anayelinganisha bei za kabla na za baada ya badiliko hilo lazima ajue kama safu ya bei inajumuisha kodi au la. Vinginevyo, badiliko la sheria litaonekana kama badiliko la soko.

Mafuta ya petroli yana mfano wa aina nyingine. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, nazo huanza kutumika Jumatano ya kwanza ya mwezi. Bei kikomo ni kiwango cha juu ambacho kituo hakiruhusiwi kukivuka. Si lazima iwe ndiyo bei iliyolipwa kwenye pampu. Tena hutofautiana kati ya mji na mji. Mwenye malori anayehifadhi safu iitwayo "bei ya dizeli" anapaswa kuandika kama ni bei kikomo au ni ile ya kwenye risiti zake, na kama ni ya Dar es Salaam au ya njiani.

Hisa: bei imeanguka au imegawanywa?

Kwa wawekezaji wadogo hatari ni ileile, ila imevaa suti. Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) lilianza kuuza na kununua hisa Aprili 15, 1998, kampuni ya kwanza ikiwa TOL. Leo soko hilo lina fahirisi mbili zinazotajwa sana. DSEI hujumuisha kampuni zote zilizoorodheshwa, zikiwamo za kutoka nje ambazo pia zimeorodheshwa masoko mengine kama Nairobi. TSI huangalia kampuni za ndani pekee. Siku hisa za Nairobi zikiporomoka, DSEI inaweza kushuka hata kama hakuna hisa ya kampuni ya Kitanzania iliyobadilika bei. Mtu mwenye safu iliyoandikwa "fahirisi" tu hana njia ya kujua soko gani limeugua.

Jambo la pili ni mgawanyo wa hisa. Mwaka 2009 Equity Bank ya Kenya iligawanya kila hisa moja kuwa hisa 10. Benki ya KCB, ambayo imeorodheshwa pia Dar es Salaam tangu 2008, ilikuwa imefanya mgawanyo wa namna hiyo mwaka 2007. Mwenye hisa hakupoteza kitu: badala ya hisa moja alipata 10, kila moja ikiwa na thamani ya karibu sehemu moja ya kumi. Lakini programu ya kompyuta inayochora mstari wa bei bila kuambiwa habari hiyo itaonyesha kwamba siku moja bei ilianguka kwa asilimia 90. Mwekezaji mgeni atadhani kampuni ilikaribia kufilisika. Mwenye takwimu alitakiwa kuandika mstari mmoja: bei za kabla ya tarehe fulani hazijarekebishwa kwa ajili ya mgawanyo wa hisa.

Hesabu za makampuni nazo huchapishwa kwa maelfu au kwa mamilioni ya shilingi, na kipimo hicho huandikwa mara moja tu juu ya safu. Anayenakili namba na kuacha kichwa chake amenakili nusu ya habari. Namba 2,450 yaweza kuwa milioni 2.45 au bilioni 2.45.

Uchumi ulipokua kwa karatasi

Namba kubwa za nchi hazikwepi kanuni hii. Desemba 2014 Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) ilitangaza pato la taifa lililokokotolewa upya kwa kutumia mwaka 2007 kuwa mwaka wa kizio, badala ya 2001. Uchumi ulionekana kuwa mkubwa kwa karibu theluthi moja kuliko ilivyodhaniwa. Hakuna duka lililouza zaidi asubuhi ile. Kilichobadilika ni mwaka wa kulinganishia, pamoja na shughuli zilizohesabiwa vizuri zaidi kuliko awali. Mwaka huohuo Kenya iliongeza pato lake kwa takriban asilimia 25 kwa njia hiyohiyo, na Nigeria kwa asilimia 89. Tanzania ilibadili tena mwaka wa kizio kuwa 2015, na takwimu hizo zilitolewa mwaka 2019.

Mchambuzi anayeunganisha namba za kizio cha 2001 na za kizio cha 2007 katika safu moja atapata ukuaji ambao haukutokea. Atakuta pia deni la taifa limepungua ghafla likilinganishwa na pato, ingawa hakuna hata shilingi iliyolipwa. Kwa anayenunua dhamana za Serikali, uwiano huo wa deni kwa pato ni moja ya namba anazozitazama kabla ya kuweka fedha. Vilevile, anayeandika "mfumuko wa bei wa Tanzania" akumbuke kwamba NBS hupima Tanzania Bara, na Zanzibar ina ofisi yake inayopima ya kwake.

Takwimu hukatika pia kwa sababu ya matukio. Usiku wa Julai 10, 2021 jengo la Soko Kuu la Kariakoo liliungua moto, na wafanyabiashara wakalazimika kuhamia kwingine. Bei zilizokusanywa humo kabla ya tarehe hiyo na zile za masoko waliyohamia si mfululizo mmoja, hata kama jina la zao ni lilelile. Mapema mwaka 2019, maduka mengi ya kubadilishia fedha jijini yalifungwa kufuatia ukaguzi wa mamlaka. Aliyekuwa akichukua bei ya dola dirishani pale Posta, kisha akaanza kuchukua bei ya benki, alibadili chanzo. Asipoandika, mwaka ujao yeye mwenyewe atashangaa kwa nini mstari wake umepinda.

Funzo la zamani

Tanzania ina historia yake katika suala la kompyuta na hesabu. Kompyuta ya kwanza nchini, ya aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba kazi ya kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mashine hizo haikufanikiwa na iligharimu fedha nyingi. Waliochambua kipindi kile wametaja utegemezi wa wataalamu wa kigeni na upungufu wa wenyeji waliouelewa mfumo. Marufuku hiyo ililegezwa polepole katika miaka iliyofuata.

Mazingira ya leo ni tofauti, lakini udhaifu huo bado uko katika ofisi nyingi ndogo, na mtaalamu wake si lazima awe mgeni. Ni yule kijana mmoja aliyetengeneza jedwali, anayejua kwamba safu ya "B2" ni bei baada ya punguzo na kwamba "99" ina maana ya "haijulikani". Siku akipata kazi kwingine, ameondoka na ufunguo. Mwenye duka amebaki na kompyuta, umeme, na namba zisizosomeka.

Faili linavyoandikwa

Mahali pa kuandika maelezo pamekuwa tatizo kwa muda mrefu. Baadhi ya programu kubwa za hifadhidata, kama PostgreSQL na MySQL, zina amri ya kuandika maelezo ya safu ndani ya hifadhidata yenyewe. SQLite, programu ndogo ya bure iliyomo katika simu nyingi na inayotumiwa na mifumo mingi midogo, haina amri hiyo. Wengine huandika maelezo juu ya jedwali la hesabu, kisha programu ikijumlisha safu hukutana na maneno mahali pa namba na kukataa kazi.

Njia iliyoenea sasa ni kuyaweka maelezo katika faili la mpangilio lililo kando, lenye maandishi ya kawaida. Mitindo miwili ndiyo inayotumika zaidi. JSON hutumia mabano, alama za kunukuu na koma, na koma moja ikikosewa faili lote hukataliwa na programu. YAML ni rahisi kwa macho ya binadamu: jina, nukta mbili, nafasi, kisha maelezo. Kilicho ndani ya kingine husogezwa kulia kwa nafasi, na si kwa kitufe cha Tab. Faili la mfanyabiashara wa nafaka linaweza kuwa hivi:

jina: Bei za jumla za mahindi na mchele, Kariakoo
maelezo: Bei huulizwa kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi, kabla ya saa 4 (10:00)
chanzo: Karani wa ghala huuliza wauzaji watatu na kuchukua bei ya katikati
sarafu: TZS
imesahihishwa: 2025-03-03
majedwali:
  bei:
    safu:
      tarehe: Siku bei ilipoulizwa, kwa mpangilio wa mwaka-mwezi-siku
      zao: Mahindi meupe au mchele daraja la kwanza
      gunia_kg: Uzito wa gunia baada ya kupimwa kwenye mizani
      bei_gunia: Shilingi kwa gunia lenye uzito ulioandikwa katika gunia_kg
      bei_kilo: Shilingi kwa kilo moja, bila usafiri wala ushuru
    tahadhari: Kabla ya 2024-07-01 magunia hayakupimwa, uzito ni wa kukadiria

Mtu yeyote anayejua kusoma ataelewa faili hilo bila kufundishwa kompyuta. Mstari wa mwisho ndio wenye thamani kubwa kuliko yote. Unakiri udhaifu wa takwimu, na hivyo unamzuia mwenye duka asiamue mambo ya fedha kwa kutumia namba za kukadiria kana kwamba zilipimwa.

Majina ya upande wa kushoto hapo juu yamewekwa kwa Kiswahili kwa sababu faili ni la ofisi yenyewe. Programu zinazosoma mafaili haya zina majina yake maalumu. Datasette, programu ya bure iliyoanzishwa na Simon Willison mwaka 2017 kwa ajili ya kuonyesha hifadhidata za SQLite, husoma faili liitwalo metadata.yaml au metadata.json na kutafuta humo maneno kama title, description, source, license na columns. Maneno hayo lazima yaandikwe hivyohivyo, lakini maelezo yanayofuata yanaweza kuwa ya Kiswahili. Programu ikiyakuta, huonyesha jina na maelezo juu ya jedwali, hueleza kila safu, na hutaja chanzo, ili msomaji asilazimike kumpigia karani simu.

Mfano wa ndani ya nchi

Anayetaka kuona kazi hii ikifanywa kwa kiwango cha taifa hana haja ya kwenda mbali. NBS ina hazina ya takwimu iitwayo TNADA, ambamo sensa na tafiti zake zimewekewa maelezo kwa kufuata mtindo wa kimataifa wa DDI, ulioanza kutengenezwa mwaka 1995. Kwa utafiti kama ule wa mapato na matumizi ya kaya, msomaji hukuta dodoso lililotumika, jinsi kaya zilivyochaguliwa, kipindi cha kukusanya takwimu, na maana ya kila safu. Bila maelezo hayo, utafiti wa 2000/01 na ule wa 2017/18 usingeweza kuwekwa kwenye mizani moja.

Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) nalo lilianzisha mwaka 1997 mfumo wa jumla wa usambazaji wa takwimu, unaozitaka nchi zieleze hadharani jinsi zinavyokusanya na kutoa namba zao. Tanzania ilijiunga nao mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sababu ni za kibiashara: anayekopesha au kuwekeza hutaka kujua namba imetoka wapi kabla ya kuiamini. Meneja wa benki mtaa wa Samora, akiletewa na mfanyabiashara mdogo mahesabu ya mauzo ili apate mkopo, huuliza swali hilohilo. Mwenye majibu yaliyoandikwa yuko mbele ya mwenye majibu ya mdomo.

Sheria isisahaulike

Kuna sababu nyingine ya kuandika kila safu ni ya nini. Majedwali mengi ya biashara yana majina ya wateja, namba za simu na madeni yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azitumie kwa lengo lililo wazi na azilinde. Mfanyabiashara asiyejua ni safu zipi zenye taarifa binafsi atawezaje kuzilinda? Faili la maelezo ni mahali pazuri pa kuandika: safu hii ni taarifa binafsi, asipewe mtu wa nje. Siku jedwali la bei likitakiwa na mshirika wa Nairobi au Dubai, karani atajua cha kuondoa kabla ya kulituma.

Kwa wanaochapisha takwimu zao wenyewe, Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015, ambayo ilirekebishwa mwaka 2018 na tena 2019, inastahili kusomwa. Anayeeleza wazi chanzo chake na njia aliyotumia yuko mahali pazuri zaidi pa kujibu maswali kuliko anayetoa namba tupu.

Kasoro zake

Njia hii haikosi kasoro. Faili likiwa kando linaweza kuachwa nyuma. Mtu hutuma hifadhidata kwa barua pepe na kusahau maelezo, na mpokeaji hubaki na robota lile lisilo na lebo. Dawa yake ni kuyaweka yote katika folda moja na kutuma folda nzima.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Maelezo huzeeka. Karani anaanza kuandika bei pamoja na usafiri, lakini faili bado linasema "bila usafiri". Hapo maelezo yamekuwa mabaya kuliko kutokuwapo, kwa sababu asiye na maelezo huuliza, lakini mwenye maelezo ya uongo huamini. Kwa hiyo kanuni iwe kwamba anayebadili jedwali ndiye anayebadili faili, siku ileile, na kuandika tarehe. Mwenye mali naye achukue mistari michache kila mwezi, ailinganishe na risiti, na kuona kama maelezo bado ni ya kweli.

Kasoro ya tatu ni uvivu wa kuanza. Ofisi yenye majedwali 40 ikitaka kuyaeleza yote kwa siku moja itachoka kabla ya saa sita mchana. Ni afadhali kuanza na jedwali moja, lile linalotumika kuamua fedha nyingi zaidi. Kwa muuza nafaka ni bei. Kwa mwenye duka la nguo ni mzigo ulioko ghalani. Kwa mwekezaji wa hisa ni bei za kununulia, gawio na mabadiliko ya idadi ya hisa. Maswali ya kujibu ni yale yaliyotajwa mwanzo: kitu gani, kipimo gani, wapi, lini, nani, kwa njia gani, na nini kilibadilika.

Kipimo cha kazi iliyofanyika vizuri ni rahisi. Mpe faili na jedwali mtu asiyehusika na ofisi hiyo, umwambie akueleze bei ya kilo moja ya mahindi kwa tarehe fulani na kama bei hiyo ni ya kuaminika. Akijibu bila kuuliza swali, maelezo yanatosha. Akiuliza, swali lake ndilo mstari unaokosekana.

Wazee wa biashara walikwisha sema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la leo liko ndani ya kompyuta na limejaa namba kuliko daftari lolote la zamani, lakini lile la zamani lilikuwa na mwandiko wa mwenye duka pembeni: "huyu atalipa Ijumaa", "gunia hili ni la kilo 90". Mwandiko huo ndio faili la maelezo linalokuja kuurudisha. Kwa mfanyabiashara anayefikiria kuagiza magunia 200 wiki hii, swali la kwanza si bei. Ni gunia lipi.